Chuo Anaenda Nani?

Mimi niko na mdomo, sikatai. Hata kanisani hapa Kitengela wananijua. Lakini mdomo huu ndio ulimlea Khisa, kijana wangu mwenye usonji. Akiulizwa kitu dukani, najibu mimi. Akisalimiwa, naitikia mimi.

Mwaka wa 2007 aliitwa chuo cha ufundi kule Kajiado, kusomea umeme. Mwalimu wake wa sekondari, Nyakio, akaja nyumbani akaniambia bila kunificha: "Mama Khisa, umeme anauweza. Lakini chuoni wewe hutakuwepo. Asipojifunza kujisemea, wiki haitaisha kabla hajarudi."

Nilikasirika, halafu nikaogopa, kwa sababu alisema kweli.

Basi kila Jumamosi tukawa na mazoezi. Nyakio anakaa kwenye meza yangu ya kulia, anajifanya karani. "Jina? Kozi?" Khisa anaangalia ukuta, anatafuta maneno. Na mimi huko nyuma: "Anaitwa Khisa! Kozi ni umeme!"

Mara ya tatu Nyakio akaniwekea sinia ya maharagwe mapajani. "Mama, chagua mawe, unyamaze. Kwani chuo anaenda nani?" Khisa alicheka mpaka akashika tumbo. Wiki tano nilichagua maharagwe ya wapangaji wa ploti nzima.

Siku ya kuripoti ikafika. Foleni ndefu, magodoro na ndoo kila mahali, kila mzazi akimsemea mtoto wake. Tulipofika mezani, karani hakuinua hata macho. "Jina, kozi, na shule uliyotoka?"

Khisa akaangalia ukuta.

Karani akanigeukia. "Mama, huyu hasikii?"

Woi! Damu ilinipanda. Nikafungua mdomo.

Khisa akainua kiganja kama polisi wa trafiki. "Mama, ngoja." Kisha akamwambia karani polepole, "Nasikia. Umeuliza maswali matatu pamoja. Uliza moja moja."

Karani akaweka kalamu chini, akamtazama vizuri. "Pole, kijana." Akauliza moja moja, naye akajibu moja moja, mpaka akapewa ufunguo wa chumba.

Nikainua godoro. Akaninyang'anya. "Mama, wazazi wanatoka saa saba. Sasa ni saa saba na dakika nne."

Akaenda zake, hakugeuka. Nililia njia nzima mpaka Kitengela, na aki ya Mungu, kilio hicho nilikuwa nimekiombea miaka kumi na tisa, tangu nimzae.