Sindano ya Yakuti

Mika aliinua kichwa cha gramafoni kwa vidole viwili, akakilaza juu ya kisahani cha mizani ya tumbaku, kisha akaanza kuweka mawe ya mizani upande wa pili, moja baada ya jingine. Wakia mbili. Tatu. Nne. Alipoongeza la tano ndipo mizani ilipotulia.

"Wakia tano," akasema kwa sauti ya chini.

"Shemeji, tumekuja kununua gramafoni au tumekuja kununua nyama?" Lukas akauliza.

Odilo, aliyekuwa akiuza katika duka lile la Makambako kwa niaba ya tajiri wake, akacheka, lakini alipoona Mika hacheki akajifanya anakohoa. Juu ya meza kulikuwa na mashine mbili. Ya kwanza ilikuwa sanduku jeusi la hendeli, aina ambayo kila mtu kutoka Njombe hadi Iwawa aliijua: unazungusha hendeli, unatia sindano ya chuma, inaimba. Ya pili ilikuwa ya kijivu, nyepesi kama sanduku la nguo la mwalimu anayehama. Haikuwa na hendeli. Ilikula mawe sita ya tochi.

Mika akapima kichwa cha hiyo ya pili. Hakikuinua hata jiwe la nusu wakia. Akaandika vipimo vyote viwili kwa penseli kwenye kipande cha karatasi. Alikuwa fundi saa, kazi aliyojifundisha mwenyewe kwa kufungua saa mbovu na kuzifunga tena mpaka zikakubali kwenda, na hakuwa na desturi ya kukisema kitu kabla hajakipima.

Lukas hakuwa na subira hiyo. Kwapani alibana bahasha ya karatasi ngumu, na ndani ya bahasha ilikuwamo santuri moja ndogo. Tangu walipopanda lori la magome ya miwati kule Njombe asubuhi, hakukubali mtu mwingine aishike.

Santuri ile ilikuwa na sauti ya Zipora, dada yake Lukas, mke wa Mika. Mwaka mmoja kabla hajafa, Mzungu wa kutoka Nairobi alipita Njombe na mashine ya kunasia sauti, akamkuta shambani akiimba wimbo wa kupalilia ulezi, akaunasa. Santuri ilikuja kwa posta baada ya mazishi. Ilikuwa hiyo moja tu. Karani aliyeituma aliandika kwamba nyingine haitatengenezwa, na kwamba kwa kuwa ni santuri ya aina mpya, isipigwe kabisa kwa sindano ya chuma, ila kwa sindano ya yakuti.

Neno hilo ndilo lililowakwamisha. Yakuti waliijua kwa kuisoma mahali pamoja tu, kwenye Ufunuo, katika ile misingi ya mji mtakatifu. Lukas aliona karani anawadhihaki. Lakini Mama Ema, mama yake Zipora, aliposomewa barua aliagiza santuri isiguswe mpaka yakuti ipatikane. Mika akashika agizo hilo. Miezi mitano ikapita, na gramafoni ya mwalimu wa misheni ikiwa jirani tu, na Lukas akiwaambia watu kwamba shemeji yake anaificha sauti ya marehemu ili aje aisikilize peke yake.

Katika miezi hiyo masikio ya Mama Ema yalikuwa yakifunga. La kushoto lilikwisha kufa. La kulia, Pasaka iliyopita, halikusikia kengele ya kanisa.

Sasa alikuwa amekaa mlangoni juu ya gunia la chumvi, mgongo wake ukielekea meza ya duka. Mkwe na mama mkwe hawatazamani usoni wala hawasemezani, na hata katika duka dogo kama lile heshima hiyo ilibidi ipate nafasi. Kila neno lao lilipita kwa Lukas.

"Bwana Odilo," Mika akauliza, "sindano ya hii ya kijivu imetengenezwa kwa kitu gani?"

"Yakuti."

Lukas akageuka. "Unasema kweli?"

"Imeandikwa kwenye kikaratasi chake. Mimi nasoma tu."

Lukas akaenda kuinama kwenye sikio la kulia la mama yake, akalirudia neno kwa sauti kubwa. Mama Ema akakaza mikono yake magotini. "Muulize imetoka wapi."

"Mama anauliza imetoka wapi."

"Kiwandani, Mama!" Odilo akapaza sauti kwa furaha ya mtu anayejua jambo. "Siku hizi wanaipika kwenye tanuri, kama tofali. Huko Ulaya zinatoka elfu kwa elfu."

"Kumbe Yerusalemu mpya nayo ina tanuri la matofali," Lukas akasema.

"Hilo kaulizaneni nyinyi Walutheri. Sisi wa Roma tunauza tu."

Wakacheka wawili. Mika alikuwa akitazama mabega ya mama mkwe wake, akayaona yakishuka.

"Nilidhani ni jiwe la huko aliko mwanangu," Mama Ema akasema, si kwa mtu yeyote. Kicheko kikakatika. "Nilidhani ndiyo sababu sindano za huku haziwezi. Miezi mitano nimengojea tofali! Kama yakuti ni ya tanuri, na chuma nacho ni cha tanuri. Weka kwenye hiyo ya hendeli, Lukas. Weka sasa hivi. Sikio langu halina mwezi wa sita."

Lukas hakuhitaji kuambiwa mara mbili. Akaitoa santuri kwenye bahasha, akailaza juu ya gramafoni nyeusi, akazungusha hendeli mpaka ikakaza. Akafungua kizuizi, akavuta kipunguza mwendo hadi mwisho. Santuri ikaanza kwenda. Akaushika mkono wa gramafoni, ule wa wakia tano, akaupeleka juu ya ukingo wa santuri.

"Shemeji," Mika akasema, "naomba."

"Mama amesema."

"Nimemsikia. Sibishani na Mama. Naomba dakika kumi."

"Wewe ni mtu wa dakika! Umeninyima sauti ya dada yangu tangu masika, leo unataka dakika kumi." Sindano ilikuwa imebakiza kimo cha ukucha.

Mika angeweza kumfikia kwa hatua moja. Lakini alijua kwamba akimgusa tu, kile kichwa kizito kitaanguka, na kitaangukia pale pale. Akarudisha mikono yake nyuma, akakamata kifundo cha mkono mmoja kwa mkono wa pili.

"Bwana Odilo," akasema, bila kuondoa macho kwenye sindano, "unayo santuri nyingine ya aina hii? Hata iliyoharibika."

"Ipo ninayofunikia mtungi wa maji. Ilipasuka ukingoni."

"Shemeji, anza na hiyo. Ikipona, ya Zipora nitaiweka mimi kwa mkono wangu."

Lukas alitazama mgongo wa mama yake. Mama Ema hakuwa amesikia lolote kati ya hayo. Alikuwa ameinamisha kichwa, sikio la kulia limeelekezwa kwenye gramafoni, anangoja. Taratibu Lukas akaurudisha mkono mahali pake, akaitoa ya Zipora, akaweka ya mtungi. Akashusha sindano.

Ikaimba. Sauti ya mwanamke, kali na safi, ikajaza duka, na kila ufa ulipopita ukagonga, tak, lakini wimbo ukaenda hadi mwisho.

"Unasikia?" Lukas akapiga meza kwa kiganja. "Inaimba! Fundi, inaimba! Miezi mitano!"

Mama Ema akageuza shingo. "Ndiye?"

"Bado, Mama! Tunajaribu!"

Mika alihisi jasho kwenye mgongo wake ingawa upepo wa Makambako ulikuwa unaingia mlangoni na vumbi lake. Hakutegemea iimbe vizuri hivyo. Alijiuliza kama karani alikosea, na kama yeye amemkosesha mama wa watu masikio yake kwa sababu ya barua. Akasema, "Rudia."

"Ya nini?"

"Kama ungekuwa wimbo wa dada yako, ungesikiliza mara moja ukatosheka?"

Lukas akazungusha hendeli, akarudia. Mara ya pili kulikuwa na mchakacho nyuma ya sauti, kama mtu anatembea kwenye majani makavu. Mara ya tatu mchakacho ukawa kama mafuta kikaangoni, na mwimbaji alikuwa mbali ndani yake. Mara ya nne mwanzo wote wa wimbo haukuwapo. Mafuta tu yakikaanga.

Odilo akainama juu ya meza. Lukas akainua mkono wa gramafoni mwenyewe. Kwenye ncha ya sindano kulikuwa kumening'inia uzi mweusi mwembamba uliojikunja, na vumbi jeusi lilikuwa limetapakaa juu ya santuri.

Lukas akaibeba ile santuri mpaka mlangoni, akaushika mkono wa mama yake, akakipitisha kidole chake pale sindano ilipolima. Mama Ema akapapasa kwa ukucha, akautazama weusi uliobaki kidoleni.

"Hii ni nini?"

Lukas akamtazama Mika.

"Mwambie Mama," Mika akasema, "hiyo ni sauti ya huyo mwimbaji."

Lukas akainama, akayafikisha maneno hayo. Mama Ema alipoyapata hakujifuta. Alikaa na kile kidole mbele yake, mbali na nguo.

"Tuchukue ya kijivu," akasema.

Lukas akarudi mezani. Aliitia santuri ya dada yake kwenye bahasha, safari hii akaiacha mezani, mbele ya Mika. Hakusema samahani. Alisema, "Haya, fundi. Ipige basi. Lori la kurudi halitungoji."

"Niipime mwendo kwanza."

"Mungu wangu!"

Mika akaigeuza ile santuri ya mtungi upande ambao haujaguswa, akaiweka kwenye mashine ya kijivu. Akabandika kipande cha karatasi ukingoni, akatoa saa yake, akawasha, akaanza kuhesabu kila karatasi ilipompita. Midomo ilitembea bila sauti. Dakika ilipokwisha akahesabu upya tangu mwanzo, na alipoinua macho Lukas alijua kwamba jibu si zuri.

"Santuri hizi zinataka mizunguko arobaini na tano kwa dakika. Hii inakwenda thelathini na nane."

"Mawe hayo ya tochi," Odilo akasema kwa aibu. "Yamelala dukani tangu mvua za kwanza, yamechoka. Sina mengine. Mapya yanakuja kesho na gari la Iringa."

"Saba tu imepungua," Lukas akasema. "Sindano ni ya yakuti, haikwaruzi. Nani ataijua hiyo saba?"

Mika aliishusha sindano juu ya santuri ya mtungi. Ikaimba polepole, kwa sauti nzito inayoburuta maneno kama mtu anayevuta gogo. Waliisikiliza mpaka katikati.

"Huyo mwanamume anaimba nini?" Mama Ema akauliza.

"Ni mwanamke, Mama," Odilo akajibu, na mara akatamani asingejibu.

Mika akazima. Nje, lori la Njombe lilipiga honi ya kwanza. Lukas alikuja karibu yake, akasema kwa kunong'ona, bila utani hata kidogo. "Shemeji. Jana alinisikia nikiwa mlangoni. Leo mpaka niiname. Kesho akiamka limefunga je?"

"Sijui," Mika akasema.

"Hujui!"

"Sikio silijui, shemeji. Ningekuwa nalijua ningekwambia." Alikunja kile kipande cha karatasi, akakikunjua. "Mawe haya hayataiumiza santuri. Mkitaka niiweke sasa, nitaiweka. Ila itakayoimba haitakuwa Zipora sawasawa. Na kesho huenda ikawa Zipora, au huenda Mama asisikie kitu. Mwambie yote mawili. Usipunguze. Achague yeye."

Lukas akaenda, akachuchumaa, akasema kwa muda mrefu kwenye sikio la kulia. Mika alitazama ukutani, kwenye makopo ya kahawa. Lori likapiga honi ya pili. Odilo akachungulia nje, akarudi.

"Mwambie mkwe," Mama Ema akasema hatimaye, na hakumngoja Lukas ayafikishe, maana alisema kwa sauti ya kutosha duka zima, "mwanangu alikuwa na sauti nyembamba. Ukimwita ng'ambo ya bonde anaitika unamsikia. Kama hiyo ndiyo itakuwa sauti ya mwisho kuniingia, isiwe ya mwanamume nisiyemjua. Tutalala kwa Fidelia."

Fidelia alikuwa binamu yao, aliyeolewa pale pale Makambako.

"Mama, una hakika?" Lukas akauliza.

"Sina. Nishike mkono nisimame."

Honi ya tatu ikasikika, halafu injini, halafu vumbi likapita mbele ya mlango. Lukas akamtoa mama yake taratibu, akimwongoza upande wa kulia ili sikio libaki kwake, na njia nzima alikuwa akimsemesha, maneno yoyote tu, hali ya barabara, bei ya ulezi, kama mtu anayechochea moto usizimike.

Mika alibaki. Alifungua mgongo wa mashine ya kijivu, akayatoa mawe sita moja moja, akaomba kitambaa na mafuta ya taa kidogo. Vibati vya ndani vilikuwa na ukungu wa kijani, akaanza kuvisugua. Cha kwanza kikang'aa. Cha pili. Jua lilikuwa limeanza kuondoka mezani, na Odilo alikuwa anazungusha funguo kidoleni.

"Kesho nafungua saa moja, bwana Mika. Gari likiwahi, saa nne liko hapa."

"Nitakuja saa moja," Mika akasema. "Vimebaki vinne."

Akachukua penseli, akaandika kwenye karatasi 38, na chini yake akaacha nafasi.