Kaanga, Sahau, Koroga

Tangu mama afariki, miaka miwili iliyopita, baba hakuwahi kuomba glasi ya pili ya bia. Mama alikuwa akiipika nyumbani kwa kimea cha shayiri, na kila Jumamosi baba aliinywa kibarazani huku akimsimulia vituko vya karakana. Likizo hii ya chuo niliazimia kumrudishia ladha ile.

Nilipika bia, nikaigawa katika madumu matano. La kwanza nikalitia tangawizi, la pili maganda ya chungwa, la tatu asali, la nne mdalasini. La tano nikaliacha lilivyo. Nilipima joto asubuhi na jioni. Baba alionja yote kwa adabu, kama mgeni.

"Nzuri, mwanangu. Hii nayo nzuri." Kisha akaiweka glasi chini.

Mama mdogo, aliyemfuata mama kuzaliwa, alionja baada yake.

"Msomi wetu, umetufungulia duka la manukato! Ila dada yangu simwoni humu."

Nikamwonyesha karatasi ya maelekezo aliyoiacha mama, yenye mstari mmoja: *Kaanga, sahau, koroga.* Nikamweleza kwamba nilitii. Pombe niliiacha wiki mbili kabla ya kuikoroga.

Alicheka hadi akashika mbavu. "Usahau kimea, wewe! Kikiwa motoni! Mama yako alikuwa akikiacha kikaangoni, yuko dirishani anapiga soga na jirani. Akija kukumbuka, upande mmoja umeshaungua."

Nikawasha jiko. Lakini kusahau kulinishinda. Macho yangu hayakubanduka kwenye kikaango. Mama mdogo akanivuta dirishani, akaanza kunisimulia jinsi mama, akiwa msichana, alivyojikata nywele mwenyewe kwa mkasi wa bustani. Nilisikiliza kwa kiu. Harufu ya kuungua iliponifikia nikataka kukimbia, naye akanishika mkono.

"Tulia. Sijafika patamu."

Wiki mbili baadaye baba alimeza funda moja la pombe hiyo. Kisha, macho yakiwa uani, akasema kwa sauti ya zamani, yenye utani:

"Umeunguza tena."

Mimi sikuwahi kuunguza kitu kabla ya kimea kile. Maneno hayo alikuwa akimwambia mama. Akaimaliza bia, akaninyooshea glasi tupu bila kutazama, nikaijaza, nikitamani asigeuke upesi akaniona.