Uzi wa Tatu wa Gitaa la Barthélemy

Jumapili saa tisa alasiri, watu wa misa wakiwa wamekula na kubadilisha nguo, Barthélemy alikaa juu ya kreti ya bia nyuma ya ukumbi wa mtaa wa Panda akirekebisha nyuzi za gitaa lake. Alizirekebisha mara mbili, kwa sababu wiki iliyopita uzi wa tatu ulilegea katikati ya wimbo. Bendi yao iliitwa Vachers ya Panda, yaani wachunga ng'ombe wa Panda, na ilipiga muziki wa kantri, ila kantri yenye vidole vya Katanga na huzuni ya kwetu. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuchunga ng'ombe. Kofia walikuwa nazo.

Walipopiga, uzi ulilegea tena, palepale. Ulikuwa wimbo wa Mado, mwimbaji wao, juu ya kaka yake Georges. Mwezi wa tatu Georges aliingia shimoni upande wa Kambove, udongo ukaporomoka, na ushirika wa wachimbaji ukatangaza kwamba siku hiyo shimo lilikuwa tupu. Kisha tingatinga likaja kulifukia. Mado alitaka jambo moja tu: mtu akiri kwamba Georges alikuwa mle, shimo lifunguliwe, azikwe. Bila maiti, hata kilio hawakukaa. Na kila alipofika kwenye maneno ya kuuliza nani alisema shimo ni tupu, ufunguo wa kukazia uzi ulijizungusha wenyewe, taratibu, kama bomba la maji linalofunguliwa, na sauti ikashuka.

Barthélemy alinunua uzi mpya. Ukashuka. Aliazima gitaa la kwaya, nalo likashuka. Basi ikaeleweka kwamba ukumbini kuna mtu anayejua, na uzi hauwezi kukaa sawa mbele yake.

Tangu hapo watu walikuja kutazamana kuliko kusikiliza. Aliyekohoa alitazamwa. Germaine wa duka la dawa aliacha kuja, wakasema mnaona. Akarudi, wakasema mnaona. Mado mwenyewe alimshuku Rémy wa besi, aliyechimba na Georges wiki nzima na siku ile akasema ana malaria. Alimwomba ashuke jukwaani, aende hadi barabarani. Uzi ulishuka vilevile. Rémy alirudi kwenye besi yake, lakini hadi leo hamsalimii Mado, na haki anayo.

Wakaanza kutoa watu benchi moja moja, huku wimbo ukirudiwa. Tshimanga, président, yaani mwenyekiti, wa ushirika, mwenye ukumbi na mwenye jenereta, alikaa mbele kabisa, na hakuna aliyethubutu kumtoa. Alitoka mwenyewe kujibu simu. Ufunguo ukajirudisha, sauti ikapanda, wimbo ukawa safi. Akarudi, ikashuka.

Mado alishuka jukwaani, akasimama mbele yake, akamuuliza kama Georges alikuwa mle.

"Mama Mado," Tshimanga alisema bila hasira, "minye nilisema mu ile shimo hamukukuwa muntu. Na leo niko nasema vile vile."

Uzi ulilegea hadi ukalala juu ya ubao. Ukumbi mzima uliuona. Kisha watu wakatazama viatu vyao, maana nusu yao walikuwa na kadi ya ushirika, na nusu nyingine walilishwa na mwenye kadi. Ilikuwa aibu, na kila mmoja alijua kuwa ni aibu. Mtu fulani akaomba wimbo mwingine.

Jumapili iliyofuata Barthélemy alifanya kama fundi: alingoja Tshimanga aketi, ndipo akarekebisha uzi. Ukashika. Walipiga wimbo wote bila kasoro, na watu wakalia, Tshimanga naye akijifuta macho kwa kitambaa. Siku aliyosafiri kwenda Lubumbashi, uzi, uliozoea kukazwa mbele yake, ulipanda mno ukakatika. Basi wakamwekea kiti chake, chenye mto.

Juzi alichelewa. Ukumbi ulijaa, bendi ilikuwa imesimama na kofia zake, na kule Kambove majani yalikuwa yameota juu ya shimo. Mado alivuka barabara akapiga hodi nyumbani kwa président.

"Papa Président," alisema, "tuko nakungoya. Bila weye, wimbo ya Georges haiende."

Tshimanga aliomba dakika moja atafute koti. Mado akamshikia, naye akalivaa.