Saladi Isiyoisha

Mzee alipanda saladi kwenye mabeseni mabovu nyuma ya jiko, kisha kazi yote akamwachia mkewe: kumwagilia, kuwinda konokono, kuinama. Saladi hii haifungi kama kabichi. Unachuma majani ya nje, kiini unakiacha, nayo inachipua tena kana kwamba hukuigusa. Bibi alichoka mpaka akaanza kuiona ndotoni.

Siku hiyo mgongo ulimlaza kitandani, akamtuma mke wa mwanawe akachume. Binti wa watu akarudi kacheka mpaka jino la mwisho, karai limefurika saladi zote, kazing'oa na mizizi yake, udongo unadondoka.

"Nimekumalizia, Mama! Haikubaki hata moja."

Bibi alijua pa kulia ni hapo. Lakini chozi lilikataa kutoka, akavuta mto akaulalia vizuri.

"Ahsante, mwanangu. Mkono wako una baraka."

Mzee alipoona karai, alishika kichwa. "Masikini mke wangu! Usihuzunike, kesho naleta mbegu nyingine."

"Lete, baba watoto," Bibi akasema, macho kayafumba. "Na hapo dukani uniulizie kama wanauza na migongo."