Ubao wa Chini ya Kitanda

Katika karakana ya Twaha mjini Gitega, mbao za sakafu hazikupewa namba. Zilizo safi, za rangi moja, zisizo na fundo, ziliitwa za sebuleni. Zenye mafundo machache ziliitwa za chumbani. Zenye doa au jeraha ziliitwa za chini ya kitanda, maana huko hakuna mgeni anayeinama kuchungulia. "Daraja ni la sura tu," Twaha alizoea kuwaambia wateja. "Ugumu ni ule ule."

Asubuhi hiyo lori lilimletea mbao kutoka Muyinga, ukweni kwake. Mti wenyewe ulikuwa umesimama uani, na kila likizo binti yake Layla alifungiwa pembea hapo, kamba moja ikizungushwa shinani, nyingine nguzoni. Malaria ilimchukua akiwa na miaka saba. Baada ya arobaini mkewe, Fatouma, alirudi kwao na hakusema kama atarejea. Sasa alikuwa ameagiza mti ukatwe, kwa kuwa hakuweza kuutazama tena.

Twaha alipanga mbao. Mikono ilifanya kazi, moyo umekufa ganzi. Hakuwa amelia tangu maziko, na majirani walimsifu kwa subira. Subira gani? Hakusikia chochote, basi. Ubao mmoja ulikuwa na mfuo mweusi, mahali kamba ilipouma shina. Aliukagua kama ubao wowote, akautupa kwenye rundo la tatu.

Adhuhuri Fatouma alipiga simu.

"Mbao zimefika?"

"Zimefika. Nyingi ni za sebuleni."

"Na ile iko na alama ya kamba?"

"Chini ya kitanda."



"Kitanda ya nani, Baba Layla?"

Tangu maziko hakuna aliyemwita hivyo. Watu waliliepuka jina hilo kwa huruma, naye akadhani limezikwa pamoja na mtoto. Alitaka kusema ni kitanda cha mteja yeyote, lakini alikikumbuka kingine. Nyumbani kulikuwa na kitanda kidogo, bado kimetandikwa.

Aliuvuta ubao kutoka kwenye rundo, akaketi nao juu ya vumbi la mbao. Alipitisha kidole ndani ya mfuo mpaka kibanzi kikamchoma. Damu ilitoka. Iliuma, naye akashangaa kwamba inauma.

"Uko hapo?" Fatouma aliuliza.

"Niko, Mama Layla," alisema. "Kuja tuone tutauweka wapi."