Daftari Nene la Myeong-ja

Katika kanisa lao huko Jeonju, kina mama wazee walikuwa wakiinakili Biblia nzima kwa mkono. Ok-bun, mjane wa miaka sabini, kila Jumapili alilichungulia daftari la mwenzake Myeong-ja, akaona limenenepa kuliko lake. Roho ikamuuma. Akaanza kuandika mbiombio, hata simu za wajukuu akawa hapokei.

Siku moja, wakinywa supu baada ya ibada, uvumilivu ukamwishia, akamuuliza Myeong-ja. "Dada, umefika wapi?"

"Bado Mwanzo, mdogo wangu. Macho mabovu, naandika herufi kubwa kama viazi. Halafu kwa Hajiri pale jangwani nimekaa wiki mbili, maana ananiliza. Wewe je?"

"Yeremia," alijibu Ok-bun kwa sauti ndogo.

"Hongera. Umependa nini huko?"

Ok-bun alitafuta kichwani, hakukuta kitu. Akafungua daftari lake amsomee walau mstari mmoja, mwandiko wake mwenyewe ukamshinda. Akacheka mpaka supu ikampalia.

"Miezi yote hii nakimbizana na mtu aliyekaa," alisema.

Kesho yake alianza upya, aya tatu tu kwa siku. Siku ya nne akajikuta anajivunia kwamba kanisa zima hakuna anayekwenda polepole kama yeye. Akaweka kalamu chini, akajicheka tena.