Mnara Uliotokwa na Jasho

Mirella Casartelli alikuwa na ugonjwa usio na dawa, nao ni udadisi. Akimenya viazi, ataviacha njiani ili achunguze kwa nini kimoja kimeanza kuwa cheusi na kingine bado, na chakula cha mchana kitaliwa saa kumi. Nyumbani walishamzoea. Tatizo ni kwamba ugonjwa huo haukumwacha hata siku za mitihani.

Ndio uliomwangusha alipofanya usaili wa walimu mara ya kwanza. Alipewa mada ya mwanga. Katikati ya somo akaona kijipande cha upinde wa mvua kinatembea ukutani, kimetoka kwenye kioo cha saa ya msimamizi mmoja, akakifuata hichohicho. Muda ukaisha hajaandika kanuni hata moja ubaoni. Tangu hapo alibaki mwalimu wa kuazimwa: Septemba shule inamwita kuziba pengo, Juni inamwambia asante na kwaheri. Wanafunzi wanampenda, wazazi wanampenda, na kila mwaka anaanza upya mahali pengine kama mgeni. Alikuwa amechoka, na safari hii alijiapiza kwamba atafundisha somo kama lilivyopangwa, alimalize, apate kazi ya kudumu, basi.

Utaratibu wa usaili wenyewe ni wa ajabu kidogo. Jana yake unachagua bahasha moja kati ya zilizofungwa, ndani unakuta mada, na kesho yake unaifundisha mbele ya wasimamizi watatu ambao wanatakiwa kujifanya wanafunzi, ingawa wengi hawajisumbui. Mirella alifungua bahasha yake akakuta: betri za kwanza. Nusura aibusu. Como, mji wake huu wa Italia, ni mji wa Volta, aliyeunda betri ya kwanza, na jina lake limebandikwa kila kona. Kuulizwa habari za Volta ukiwa Como ni kama kuulizwa jina la mama yako.

Alasiri nzima jikoni hapakupikika. Meza ilijaa visahani vya shaba na vya zinki, vidogo kama sarafu, na vitambaa vya sufu vilivyolowekwa kwenye bakuli la maji ya chumvi. Mumewe Oreste, mzaliwa wa Bologna, alikuwa anakata kitambaa kwa mkasi wa kukatia kuku.

"Na chura wetu je?" aliuliza. "Utamtaja, au ndiyo mshamfuta?"

"Nitamtaja. Galvani wenu wa Bologna aliona mguu wa chura aliyekufa unaruka ulipoguswa na metali, akadhani umeme umo ndani ya chura."

"Umo!"

"Haumo, bwana wee."

"Nyie watu wa Como! Chura wetu, sifa zenu."

"Tulia. Na wetu naye alikosea. Volta alidhani kugusana kwa metali mbili kunatosha. Maji ya chumvi aliyaona kama kipitisho tu, kumbe kazi inafanyika hukohuko, metali inapoliwa taratibu ndani ya maji."

Oreste aliweka mkasi chini. "Kwa hiyo walibishana miaka yote ile, na wote wawili walikosea?"

"Kila mmoja alikuwa na kipande. Ndiyo maana napenda kulifundisha hivi. Wanafunzi wangu wanasema yaleyale waliyosema wakubwa wale. Kuna mmoja anashikilia kwamba umeme umekaa ndani ya betri kama maji kwenye chupa. Nikimwambia umekosea, ananuna. Nikimwambia wapo wakubwa waliopotea hivyohivyo, anataka kujua walijinasuaje."

"Ndiyo maana hawakuajiri," alisema Oreste, akambusu kwenye paji la uso. "Kesho toa kanuni, mke wangu. Kanuni kwanza, chura baadaye."

Asubuhi walipanga mnara: shaba, zinki, kitambaa, tena shaba, zinki, kitambaa, mpaka ukafika kimo cha chupa ya mvinyo, ukisimama kati ya vijiti vitatu vya mbao. Mirella aligusisha nyaya mbili za taa ndogo, na taa ikawaka nyekundu. Alipiga kelele kama hajawahi kuiona ikiwaka. Oreste, kwa mapenzi yake, akakaza skrubu za juu kwa nguvu zake zote ili mnara usiyumbe kwenye basi, kisha akauviringisha kwa taulo la jikoni.

Chumba cha usaili kilikuwa darasa la kawaida la shule ya sekondari. Mwenyekiti alikuwa Profesa Tullia Bonomelli, mwanamke mwembamba aliyefundisha fizikia mjini hapo karibu umri wake wote na aliyesifika kwa kutocheka. Kulia kwake alikaa Quaglia, mwalimu kijana aliyeandika kila kitu. Kushoto alikaa Sormani, afisa wa elimu, aliyetazama saa zaidi ya alivyomtazama mtahiniwa. Kila mmoja alikuwa na kikombe cha karatasi cha kahawa ya mashine ya ukumbini, na kikapu cha taka mlangoni kilikuwa kimejaa vingine.

Mirella alianza vizuri. Aliwasimulia mguu wa chura, akawaambia ubishi wa Galvani na Volta, akaandika kanuni ya kwanza ubaoni kwa mwandiko wa kupendeza. Sormani hata aliacha kutazama saa. Kisha akaufunua mnara, akashika nyaya, akagusisha.

Taa haikuwaka.

Akageuza nyaya, akagusisha tena. Giza tupu. Mirella alisikia kalamu ya Quaglia ikikwaruza karatasi, na alijua kinachoandikwa.

"Endelea tu," alisema Profesa Bonomelli. "Tuchukulie imewaka."

Hapo ndipo alipotupiwa kamba. Angeweza kuishika: achukulie imewaka, aandike kanuni ya pili, amalize, ashukuru, atoke. Alijua hivyo kabisa, na alikuwa na hofu ya kweli, hofu ya kufungua tena begi lake kila Septemba katika shule asiyoijua. Lakini kidole chake kilikuwa kimeshagusa ubavu wa mnara, na kidole kikarudi na maji.

"Ngoja," alisema. "Mbona umelowa nje?"

Hapo hakukumbuka tena kwamba yuko kwenye usaili. Aliinama mpaka pua ikakaribia zinki. "Asubuhi ulikuwa mkavu huku nje. Hebu gusa, Profesa."

"Mimi?"

"Gusa, gusa. Hapa chini."

Profesa Bonomelli alinyoosha kidole kama mtu anayemgusa mbwa asiyemjua. Kisha, mbele ya macho ya wenzake, akakilamba. "Chumvi," alisema.

"Chumvi! Mume wangu alikaza skrubu. Vitambaa vimekamuliwa, maji yametiririka nje kutoka juu hadi chini." Mirella aliwageukia wote watatu, na sasa aliwaona ni wanafunzi kwelikweli. "Sasa niambieni. Umeme ulikuwa upite kwenye taa. Umepata njia gani nyingine?"

"Huko nje," alisema Sormani bila kutarajia. "Kwenye hayo maji. Njia ya mkato."

"Umeona eeh! Na minara ya kwanza ilisumbuliwa na haya haya. Ukirundika vingi upate nguvu, uzito unavikamua vitambaa vya chini. Wewe ungefanyaje?"

"Ningevikausha," alisema Quaglia.

"Vikikauka kabisa vinakufa pia."

"Basi nisingevirundika. Ningevipanga pembeni pembeni, kila kimoja na maji yake." Quaglia alisita. "Kwenye... kwenye kitu."

Walitazamana. Aliyeanza ni Profesa Bonomelli: alimeza kahawa iliyobaki kwa mkupuo mmoja, akakisukuma kikombe chake katikati ya meza. Sormani akafuata. Quaglia akaenda kuokota kingine kwenye kikapu cha taka, akakisuuza kwenye sinki la darasa. Mirella akamimina maji ya chumvi kutoka kwenye chupa yake ya akiba, akafungua mnara, na kila kikombe kikapata kisahani cha shaba ukingo huu na cha zinki ukingo ule, visigusane. Nyaya na vibanio vikaunganisha shaba ya kikombe kimoja na zinki ya kinachofuata.

"Volta naye alipanga vikombe namna hii," aliwaambia. "Nanyi mmefika bila mimi kuwaambia."

Aliunganisha taa. Mwanga ulikuwa hafifu, mpaka Sormani akaukinga kwa viganja ndipo wakauona vizuri. "Inawaka!" alisema, afisa mzima, kwa sauti ya mtoto. Wakati huohuo saa ya mezani ikalia. Kanuni ya pili haikuandikwa. Muhtasari haukutolewa. Nusu ya mpango wa somo ilikuwa bado ndani ya begi.

Furaha ilimtoka Mirella palepale. Amerudia kosa lilelile.

"Lakini hii ni mbinu kali!" alisema Quaglia, akigeuza karatasi yake. "Kuwaletea darasa kitu kibovu makusudi, walitafute kosa wenyewe. Sijawahi kuona usaili kama huu."

"Kosa lililopangwa," alisema Sormani, kalamu mkononi. "Tukiandika hivyo, kwenye maandalizi anapata alama zote."

Profesa Bonomelli aliinua mkono. "Tumuulize mwenyewe. Ulipanga ife?"

Mirella aliijua hesabu yake: somo halikukamilika, na alama za maandalizi ndizo zingemwokoa. Neno moja tu lilitakiwa, nao walikuwa wameshamtafunia, kazi yake kumeza. Akautazama ule mwanga mwekundu kati ya vikombe vya kahawa. Alijisikia vibaya kusema uongo juu yake, kwa vile ulikuwa kitu pekee mle ndani kilichojitokeza bila kupangwa na mtu.

"Hapana," alisema. "Asubuhi ulikuwa unawaka jikoni kwangu. Ulipokataa hapa nilitaka ardhi inimeze."

Quaglia alishusha kalamu. Sormani aliangalia pembeni, kama mtu aliyeona mwenzake anadondosha sahani.

"Afadhali," alisema Profesa Bonomelli. "Ungesema ndiyo, ningekuuliza mbona ulihangaika kugeuza nyaya." Alivua miwani, akaifuta kwa pindo la kizibao chake, polepole. "Mnara huu nimeuchora ubaoni tangu nikiwa na nywele nyeusi. Kwenye mchoro wangu haujawahi kutokwa na jasho, na mwanafunzi wangu hakuwahi kuniuliza swali. Nilidhani ni kwa sababu wameelewa."

Akaivaa tena miwani.

"Maandalizi, nakukata alama," aliendelea, sauti ikiwa kavu tena. "Umebeba mnara ukiwa umeshapangwa badala ya kuupanga hapa. Ukamilifu wa somo, nakukata. Zilizobaki zinakutosha, kazi umepata, na sikupaswa kukwambia kabla ya karatasi kubandikwa. Sasa toka, kuna mtu anasubiri."

Mirella alitoka. Oreste, aliyekuwa amemsindikiza, aliinuka kwenye benchi la ukumbini akamuuliza imekuwaje. Mirella alimshika tu shati kwa mikono yake yenye chumvi, akalia.